Wajuzi wa magari ya zamani: hili la Liverpool 1957 ni gari gani?

Mlikoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mniazime macho.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia. Alipandia meli hapa Mombasa akazunguka sana kabla ya kurudi kutulia. Kwenye albamu yake kuna hii picha niliyoiweka hapo juu. Nyuma imeandikwa kwa penseli "Liverpool 1957", basi. Hakuna jina la mtu wala la gari.

Kwa ambao picha haiwafungukii: ni gari dogo la wazi la watu wawili, rangi nzito. Babu amesimama upande wa dereva ameushika mlango ulio wazi. Mwenzake kasimama mbele kabisa na koti refu la baridi, kaziba sho yote ya mbele (ule wavu wa puani) na herufi ya kwanza ya namba. Kinachosomeka ni KD, halafu tarakimu tatu, ya kwanza 3, ya mwisho sina hakika kama ni 3 au 8. Usukani uko kulia. Taa kubwa zimetokeza juu kama macho ya chura. Mlango umekatwa chini sana pale pa kuwekea kiwiko. Rimu ni za bati, si za spoku.

Mjomba anasema ni Jaguar. Binamu anasema MG. Programu ya simu imesema Morgan. Hapa nyumbani hapakaliki.

Kaka wa Kizingo

Jaguar hiyo. XK120. Babu yako alikuwa na hela, nyie hamkuambiwa tu.

Dada Mchumi

Naweka kiti hapa nisubiri wajuzi. Mimi nimependa koti la huyo mwenzake.

Tumbo Joto

Macho ya chura umesema mwenyewe mleta uzi. Hiyo ni Austin-Healey Sprite, Waingereza wenyewe wanaiita Frogeye. Uzi ufungwe.

Fundi wa Gerezani

Usifungwe bado. Sprite ilitoka 1958, na picha imeandikwa 1957. Labda kama babu alikosea mwaka, lakini hata ukimpa nafasi hiyo, taa za Sprite zimekaa juu ya boneti yenyewe, zikinyanyuka na boneti pamoja na fenda zake. Hapa taa ziko kwenye bonde kati ya boneti na fenda. Angalieni taa ya kushoto kwenye picha, kivuli chake kimeangukia pande zote mbili.

Sasa tuanze kwa kuondoa, tusianze kwa kubahatisha. Kila mtu akipewa picha ya gari la zamani anakimbilia sho, nembo na rimu. Hivyo vitatu ndivyo vya kwanza kubadilishwa. Mtu akigonga mti, anaweka sho ya gari jingine inayokaribiana. Akipata hela kidogo, anaweka rimu za spoku. Nembo ndiyo kabisa, inang'oka inapotea. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayehamisha bawaba za mlango kutoka nyuma kuzileta mbele, wala atakayelichonga fenda upya ili liwe la gari jingine. Kwa hiyo mimi naanzia mlangoni. Na hapa tuna bahati, babu kaufungua.

MG kwanza, kwa ajili ya binamu. Akisema MG ya miaka hiyo nadhani anafikiria zile za mfululizo wa T: TC ya 1945 hadi 1949, TD ya 1950 hadi 1953, na TF ya 1953 hadi 1955. Zote hizo bawaba za mlango ziko nyuma. Ukingo wa mbele wa mlango ndio unaofunguka. Kwenye picha yetu bawaba ziko mbele, babu ameushika mlango kwenye ukingo wa nyuma. Zaidi ya hapo, MG za T zina rejeta iliyosimama wima katikati, fenda zilizojitenga na boneti, na ngazi ya kukanyagia chini ya mlango. Hapa ubavu ni bapa, hakuna ngazi. T zote nje.

Kuna MGA pia, iliyoingia Septemba 1955, ambayo kwa mwaka inafaa. Lakini MGA taa zake zimezama ndani ya mviringo wa fenda, na mstari wa juu wa mlango haushuki namna hii. Nje.

Morgan: fenda zake za mbele huteremka taratibu mpaka zinageuka kuwa ngazi ya kukanyagia. Hakuna ngazi, hakuna Morgan. Hizi programu za simu zimejifunza kwamba gari la zamani lenye taa zilizotokeza ni Morgan, kwa sababu Morgan wameendelea kutengeneza umbo lile lile miaka nenda rudi na picha zake zimejaa mtandaoni. Mimi siziamini kwa jambo lolote lililotengenezwa kabla ya rangi kuingia kwenye filamu.

Jaguar XK120: mjomba ana macho mazuri ya kupenda, lakini hapana. Kioo cha mbele cha XK120 ya wazi ni vipande viwili vinavyokutana katikati kama herufi V iliyolala, na XK140 vilevile. Hapa kioo ni kimoja. XK150 ilikuwa na kioo kimoja, ila ile ya wazi kabisa ya watu wawili ilikuja 1958, na mlango wake hauna mkato wa kiwiko.

Austin-Healey 100 ya 1953 hadi 1956: taa ziko kwenye pua ya fenda, hazina bonde, na ubavuni kuna mkunjo mrefu unaoanzia tairi la mbele kwenda nyuma. Ubavu wa gari letu hauna mkunjo wowote.

Baada ya kuondoa yote hayo, kinachobaki ni Triumph TR. Taa kwenye bonde kati ya boneti na fenda, mlango uliokatwa mpaka unaweza kuinama ukagusa lami ukiwa umekaa, bawaba mbele. Iliyotengenezwa Coventry na kampuni ya Standard-Triumph. Swali lililobaki ni TR ipi: TR2, TR3, au TR3A?

Kaka wa Kizingo

Fundi umeandika kama hakimu. Lakini kioo cha XK nimekiri.

Mbeba Boksi

Niko huku huku Uingereza, kaskazini, na wikiendi nashinda kwenye maonyesho ya magari ya kale kuliko kanisani, mama asisikie. Naunga mkono TR. Nichangie upande wa namba.

Namba za Uingereza za wakati ule hazikutolewa na ofisi moja ya taifa. Kila halmashauri ilikuwa na herufi zake. Kwenye namba ya herufi tatu, herufi mbili za mwisho ndizo za halmashauri, ya kwanza ni ya mfululizo tu. KD ilikuwa ya Liverpool, pamoja na KA, KB, KC, KF na LV. Kwa hiyo penseli ya nyuma ya picha na bati la mbele ya gari vinasema kitu kimoja bila kuambiana. Hilo ni jambo zuri, kwa sababu maandishi ya nyuma ya picha mara nyingi huandikwa baadaye sana na mtu asiyekuwepo.

Ila tahadhari: herufi zinaonyesha gari lilisajiliwa wapi mara ya kwanza, si lilipotengenezwa wala lilipopigwa picha. Magari ya majaribio ya Triumph yalisajiliwa Coventry, ndiyo maana TR2 maarufu kuliko zote ina namba MVC 575, VC ikiwa ya Coventry. Jaguar E-Type mbili zilizopelekwa kwenye maonyesho ya Geneva 1961 ni 9600 HP na 77 RW, zote herufi za Coventry. Halafu kuna lile la kuchekesha: herufi MG zilikuwa za Middlesex, na wakala wa MG pale London akawa anasajili magari mapya ya MG kwa namba zenye MG. Ukiona picha ya MG ya miaka ya thelathini ina bati la MG, si bahati, ni biashara.

Kingine, namba hii haina herufi ya mwaka mwishoni. Herufi za mwaka zilianza 1963 kwa A, 1964 B, na kuendelea. Kwa hiyo hata bila penseli ya babu tungejua gari si jipya zaidi ya miaka hiyo ya mwanzo ya sitini.

Na kwa wanaouliza picha haijageuzwa? Negativu za zamani watu walizichapa kinyume mara nyingi. Bati linasomeka sawasawa, kwa hiyo usukani kweli uko kulia.

Mpenda Spidi KE

Basi ni TR3. Hesabu rahisi: TR3 ilitengenezwa 1955 hadi 1957, picha ni ya 1957. Kwani tunazunguka nini?

Fundi wa Gerezani

Mwaka wa picha hausemi gari lilizaliwa lini. Unasema tu kwamba halikuzaliwa baada ya hapo. Wewe leo ukipigwa picha na Corolla ya 1998, wajukuu zako watasema umeinunua mpya?

Lakini nakubali hapa ndipo penye ugumu, na ugumu ameuleta huyo mwenye koti. TR2 na TR3 kwa umbo ni ndugu wa tumbo moja, na tofauti inayojulikana na kila mtu iko puani: TR2 ina mdomo mtupu, tundu refu linaloingia ndani, wavu wake umefichwa kule nyuma. TR3 wakaileta sho yenye vijisanduku mpaka mbele kwenye ukingo wa mdomo. TR3A wakapanua mdomo ukaenda karibu taa hadi taa. Yote matatu yamezibwa na koti.

TR3A naiondoa. Ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1957, na ndiyo iliyowekewa vitasa vya nje vya mlango. TR2 na TR3 hazina, unaingiza mkono ndani ukavuta. Mlango wa babu umefunguliwa, upande wa nje unaonekana wote, na ni laini kama sahani. Hakuna kitasa.

Kwa TR2 na TR3 nataka vitu viwili. Cha kwanza ni ule mkanda mwembamba kati ya fenda na mwili wa gari: TR3 wa chuma kinachong'aa, TR2 umepakwa rangi ya gari. Kwa picha hii iliyopigwa na simu juu ya picha, siwezi kuapa. Cha pili ni sehemu ya chini ya mlango. Mleta uzi, tafadhali piga karibu hapo chini ya mlango, simu iwe wima juu ya picha, karibu na dirisha, bila flashi. Tuone mlango unaishia wapi.

Mlikoni (mleta uzi)

Nimeweka. Nimepiga asubuhi barazani. Ninavyoona mimi mlango unafika chini kabisa. Baada ya mlango hakuna bati jingine, ni kiza cha chini ya gari tu. Na kwenye uwazi wa mlango, hapo miguu inapopita, sakafu inaonekana imefika nje.

Fundi wa Gerezani

Hapo sasa! Huo ndio wanaouita mlango mrefu. Hiyo ni TR2, na si TR2 yoyote, ni ya mwanzo, 1953 au 1954.

Nieleze kwa nini nina uhakika. TR2 za kwanza mlango ulishuka mpaka mwisho wa ubavu. Gari lenyewe liko chini. Ukiliegesha kando ya njia ya waenda kwa miguu yenye ukingo mrefu, mlango wa upande huo haufunguki, unagonga jiwe. Abiria inabidi aruke juu au dereva asogeze gari katikati ya barabara. Wateja wakalalamika, na baada ya magari kama 4,000 kiwanda kikaukata mlango kwa chini, kikaweka bati la kudumu chini yake. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa 1954. Kuanzia hapo TR2 zilizobaki, na TR3 zote, na TR3A zote zina mlango mfupi. Hakuna TR3 iliyotoka kiwandani na mlango mrefu.

Nyongeza: babu anaufungua upande wa dereva, kulia, maana yake upande wa barabarani, kama gari limeegeshwa kushoto kama kawaida ya kule. Ungekuwa upande wa pili labda usingefunguka na tusingejua.

Mpenda Spidi KE

Mtu anaweza kuchukua mlango wa TR2 akaufunga kwenye TR3.

Fundi wa Gerezani

Hauingii. Bati la chini liko pale, utaufungia wapi? Itabidi ukate ubavu mzima wa gari. Nani afanye hivyo kwa gari la miaka miwili?

Tumbo Joto

Sawa TR2. Sasa hiyo Triumph si ndiyo pikipiki?

Mbeba Boksi

Jina lilianzia kampuni moja, lakini pikipiki na magari viligawanyika 1936. Magari yakanunuliwa na Standard ya Coventry mwaka 1944. Mkubwa wao alikuwa Sir John Black, ambaye alitaka kwanza kuinunua Morgan, akakataliwa. Akaamua atengeneze gari lake la michezo. La majaribio walilionyesha kwenye maonyesho ya Earls Court, London, Oktoba 1952, likiwa na mkia mfupi uliokatwa na tairi la akiba likiwa nje. Wakamwita Ken Richardson, aliyekuwa fundi na dereva wa majaribio wa timu ya mbio ya BRM, alijaribu. Hakuwaficha, aliwaambia ni gari baya na la hatari. Cha ajabu wakamwajiri alitengeneze. Wakabadilisha fremu, wakarefusha mkia, na Machi 1953 wakalipeleka Geneva likiwa TR2. Mei mwaka huo huo Richardson akaiendesha MVC 575 kwenye barabara kuu ya Jabbeke, Ubelgiji, akafika maili 124.889 kwa saa, yaani kilomita 201. Lilikuwa limeandaliwa maalumu, limefunikwa chini na matairi ya nyuma yamezibwa, lakini hata la dukani lilivuka maili 100. Na Machi 1954 TR2 ikashinda RAC Rally, mashindano ya magari ya Uingereza.

Injini ndiyo itakayowafurahisha huko nyumbani. Ni silinda nne, sentimita za ujazo 1991, kabureta mbili za SU, nguvu farasi 90. Ilitoka kwenye gari la familia la Standard Vanguard, na injini ya ukoo huo huo ndiyo ilifungwa kwenye trekta dogo la kijivu la Ferguson, lililotengenezwa Coventry hiyo hiyo.

Mkulima wa Njoro

Ati! Kale ka-Ferguson ka kijivu? Guka alikuwa nako, kalikuwa kanaamka kwa teke. Kwa hiyo hawa vijana wa Liverpool walikuwa wanajidai na injini ya trekta?

Fundi wa Gerezani

Ni injini ya ukoo mmoja, si ile ile. Lakini usidharau, ndiyo sababu nyingi zinatembea mpaka leo. Silivu zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji na zinatoka. Injini ikichoka huchongi bloku, unang'oa silivu na pistoni unaweka mpya. Vanguard ilikuwa na 2088, wakapunguza kipenyo cha silivu ili TR ikae chini ya lita mbili, kwa ajili ya daraja la mashindano. Injini hiyo hiyo ya TR walimuuzia Morgan kwa Plus 4 yake, yule yule aliyekataa kununuliwa.

Dada Mchumi

Swali langu ni moja. Lilikuwa la babu?

Mbeba Boksi

Mimi sidhani. TR2 mpya ilikuwa chini ya pauni 900 pamoja na kodi, ikiwa kuukuu mwaka 1957 ingepungua, ila kwa baharia bado ni hela nyingi, na gari utaliacha wapi ukiwa baharini? Watu walisimama na magari ya watu wakapigwa picha, kama wanavyofanya leo Masaki. Lakini ona, mlango uko wazi. Kufungua mlango wa gari la mtu barabarani mchana kweupe si jambo la kufanya hivi hivi. Nadhani mwenye gari alikuwa karibu. Pengine ni huyo wa koti, pengine ndiye mpiga picha.

Mlikoni (mleta uzi)

Wakuu asanteni sana. Je, naweza kulifuatilia kama bado lipo?

Mbeba Boksi

Inawezekana. TR2 zilitengenezwa 8,636, nyingi zikapelekwa nje, kwa hiyo zenye usukani wa kulia zilizosajiliwa Liverpool si nyingi. Mamlaka ya usajili huku, DVLA, ina ukurasa wa bure unaoingiza namba, unaambiwa aina ya gari na mwaka. Lakini unataka namba kamili, na gari ambalo halikuingizwa kwenye rejista ya kompyuta hadi 1983 halionekani humo hata kama liko kwenye banda la mtu. Ukishapata namba ya chesisi, ambayo kwa TR2 inaanza na TS, jumba la makumbusho la British Motor Museum kule Gaydon hutoa cheti cha kumbukumbu za kiwanda kwa malipo: tarehe ya kutengenezwa, rangi, na lilipelekwa wapi. Rangi hasa itakusaidia, kwa sababu kwenye picha ya nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani kizito hazina tofauti.

Kwako tatizo ni ile herufi iliyozibwa na ile 3 au 8. Tarakimu inaweza kupatikana kwenye negativu. Ipo?

Mlikoni (mleta uzi)

Ziko kwa mama mdogo Kisauni, kwenye kopo la biskuti. Nitaenda Jumamosi.

Mbeba Boksi

Usizisafishe kwa kitambaa wala maji. Shika pembeni, usiguse katikati. Tafuta studio yenye skana ya filamu, waambie ubora wa juu kabisa wanaoweza, wasikupe picha ya WhatsApp. Na usichukue fremu hii peke yake, chukua mkanda wote. Mtu akipiga picha na gari la namna hiyo hapigi moja, na kwenye ya pili huenda huyo wa koti amesogea.